Kuunganisha matawi kwa VPN: kuchimba handaki ndiyo kazi nyepesi

Kampuni ikiwa na duka moja, mtandao wake haumsumbui mtu. Kompyuta tano, printa moja, seva ya hesabu chini ya meza ya mhasibu, na ruta iliyofungwa na kampuni ya intaneti. Kazi huanza siku duka la pili linapofunguliwa. Tuchukue mfano wa biashara ya vifaa vya ujenzi yenye makao makuu Kariakoo na matawi Morogoro, Dodoma, Mwanza na Arusha. Muuzaji wa Mwanza anataka kujua kama mabati ya geji 28 yapo stoo ya Dar. Mhasibu wa Dar anataka mauzo ya Arusha ya leo, si picha ya karatasi iliyotumwa WhatsApp jana jioni. Mwenye mali anataka kuziona kamera za stoo ya Dodoma. Wote wanahitaji kitu kimoja: mitandao mitano iliyotawanyika ifanye kazi kama mmoja, na taarifa za wateja zisipite wazi kwenye intaneti.

Jibu la kawaida ni VPN, yaani mtandao binafsi unaopita juu ya intaneti ya umma, na hapo wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa VPN wanayoijua ni ile programu ya simu ya kufungulia tovuti iliyofungwa. Ile huunganisha kifaa kimoja na seva ya mtu baki ili kionekane kiko nchi nyingine. VPN ya matawi huunganisha mtandao mzima na mtandao mzima, na ncha zote mbili ni zako. Kazi inafanywa na ruta. Muuzaji wa Mwanza habonyezi chochote, hana programu ya kuwasha asubuhi, na si lazima ajue kwamba ipo.

Niseme mapema ninachokiamini. Kuwasha handaki la VPN, yaani njia iliyofichwa ndani ya intaneti, kati ya ruta mbili siku hizi ni kazi ya nusu saa kwa fundi anayejua anachofanya. Kinachowatesa watu miezi na miezi ni mpango wa anwani na njia za pakiti (vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni), mambo yaliyotakiwa kuamuliwa kwenye karatasi kabla ruta haijaguswa.

Handaki lenyewe

Kompyuta ya Mwanza ikitaka kuongea na seva ya Dar, inatoa pakiti yenye anwani mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji, mfano 10.13.1.25 kwenda 10.10.1.5. Hizo ni anwani za ndani. Tangu 1996 mafungu matatu yametengwa rasmi kwa matumizi hayo: lote linaloanza na 10, lile la 172.16 hadi 172.31, na lote la 192.168. Hayana njia kwenye intaneti ya umma, kwa hiyo pakiti hiyo ikitoka hivyo ilivyo haifiki popote.

Ruta ya Mwanza inaichukua pakiti nzima, anwani na yote yaliyomo, inaisimba, yaani inaigeuza isisomeke, kwa namna ambayo ruta ya Dar peke yake ndiyo inaweza kuifungua, kisha inaitia ndani ya pakiti nyingine, kama barua iliyofungwa ndani ya bahasha ya pili. Bahasha ya nje ina anwani za umma za ruta hizo mbili, na intaneti inaibeba kama mzigo mwingine wowote. Ikifika Dar, ruta inaifungua, inatoa pakiti ya asili na kuiachia kwenye mtandao wa ndani. Aliye katikati ya njia anaona kwamba ruta mbili zinaongea na kiasi cha data kinachopita. Bei, majina ya wateja na nywila havioni.

Kuna aina kadhaa za handaki, na hapa sitakawia. IPsec ni ya zamani, imara, na ipo kwenye karibu kila ruta ya ofisi. Kasoro yake ni mipangilio mingi inayotakiwa kulingana pande zote mbili, na moja tu ikitofautiana hakuna kinachowaka. OpenVPN, iliyotoka 2001, inapita karibu kila mahali lakini huzielemea ruta ndogo. WireGuard, iliyoandikwa na Jason Donenfeld na kuingizwa rasmi kwenye kiini cha Linux toleo la 5.6 mwaka 2020, ina mipangilio michache na kasi nzuri, na ruta za MikroTik zilizojaa kwenye ofisi zetu zinayo tangu toleo la 7 la RouterOS, programu inayoziendesha. Kwa biashara ya ukubwa huu ningechagua WireGuard bila kusita.

Usichague PPTP, aina ya zamani ya handaki. Bado ipo kwenye ofisi nyingi kwa sababu ni rahisi kuiwasha, lakini mwaka 2012 ilionyeshwa hadharani kwamba nywila yake inavunjika kwa uhakika, ndani ya takribani siku moja kwa vifaa vya wakati ule. L2TP, aina nyingine ya zamani, ikiwa peke yake bila IPsec juu yake, haisimbi kitu kabisa. Kampuni inaweza kuishi miaka ikidhani ina handaki, kumbe ina bomba la kioo.

Anwani kabla ya funguo

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Ruta hutoka kiwandani na anwani zilezile. Za TP-Link hupenda 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ruta za 4G za Huawei huja na 192.168.8.1, vifaa vyao vya faiba na 192.168.100.1, na MikroTik huja na 192.168.88.1. Kila tawi lilipofunguliwa, fundi wa eneo lile alichomeka ruta, intaneti ikawaka, akalipwa akaondoka. Hakuna aliyekosea, kwa sababu tawi linalojitegemea halina haja ya anwani ya kipekee. Ila siku ya kuunganisha, unagundua Dar ni 192.168.1.x, Mwanza ni 192.168.1.x, na Arusha vilevile.

Tuangalie kwa karibu kinachotokea. Kompyuta ya Mwanza ina 192.168.1.25. Seva ya Dar ina 192.168.1.5. Muuzaji anafungua programu ya mauzo. Kabla ya kutuma, kompyuta inalinganisha anwani mbili hizo, inaona namba tatu za mwanzo zinafanana, na inahitimisha kwamba seva ni jirani yake wa chumba kimoja. Basi haiipi ruta ile pakiti. Inapiga kelele kwenye mtandao wa Mwanza: nani mwenye 192.168.1.5? Kama hakuna, kimya, na programu inaandika kwamba seva haipatikani. Kama yupo, ni balaa zaidi, kwa sababu pengine 192.168.1.5 ya Mwanza ni printa, na printa itaitika kwa uaminifu kabisa. Handaki linaweza kuwa limewaka, taa za kijani kila mahali, na hakuna hata pakiti moja inayolikaribia.

Dawa ni kila tawi kuwa na fungu lake, lililopangwa na mtu mmoja na kuandikwa mahali pamoja. Napenda mpango ambao fundi anaweza kuusoma kwa macho bila kutafuta daftari. Dar iwe 10.10, Morogoro 10.11, Dodoma 10.12, Mwanza 10.13, Arusha 10.14. Namba ya tatu ionyeshe matumizi, sawa kila tawi: 1 kwa kompyuta, 2 kwa simu za mezani, 3 kwa kamera, 9 kwa Wi-Fi ya wageni. Hapo ukiona 10.12.3.40 kwenye kumbukumbu za ruta unajua papo hapo ni kamera ya Dodoma. Tena kila tawi linaelezeka kwa mstari mmoja wa njia: chochote kinachoanza na 10.13 kiende Mwanza. Tawi la Mbeya likifunguliwa mwakani, linachukua 10.15 na hakuna kinachobadilishwa kwingine zaidi ya kuongeza mstari.

Kuhamisha tawi lililokwisha kuzoea anwani zake si kazi ya kutisha, ila inahitaji siku ambayo duka limefungwa. Kompyuta na simu huchukua anwani mpya zenyewe kutoka kwenye ruta. Vinavyogoma ni vile vilivyoandikiwa anwani kwa mkono: printa, mashine ya kurekodi kamera, kifaa cha kusoma alama za vidole mlangoni, na mipangilio ya programu ya mauzo iliyoandikwa anwani ya seva badala ya jina lake. Viorodheshe kwanza, kimoja kimoja, ukiwa umesimama mbele yake. Na ukishafika kwenye programu, andika jina la seva, ili siku seva ikihama usizunguke matawi yote tena.

Wapo wanaokwepa kazi hii kwa kuiambia ruta idanganye: tawi libaki na 192.168.1.x ndani, lakini kwa matawi mengine lionekane kama 10.13.1.x, anwani kwa anwani. Inawezekana, na kuna siku huna budi, hasa kampuni mbili zinapoungana na kazi inatakiwa kesho. Lakini kuanzia hapo kila kifaa kina majina mawili, moja linalojulikana ndani na jingine nje, na kila atakayekuja kutafuta hitilafu ataanza kwa kupotea. Kwa kampuni ya matawi matano, tumia Jumapili moja uhamishe anwani.

Kitovu kiwe wapi

Swali linalofuata ni nani aunganishwe na nani. Ukiunganisha kila tawi na kila tawi moja kwa moja, matawi 5 yanahitaji mahandaki 10. Matawi 10 yanahitaji 45. Matawi 20 yanahitaji 190, na kila moja lina mipangilio pande mbili. Kwa hiyo biashara nyingi huchagua kitovu: kila tawi lina handaki moja tu kwenda katikati, na ya Mwanza kwenda Arusha hupitia hapo.

Wengi hukiweka kitovu makao makuu bila kufikiri, kwa kuwa seva iko huko. Kama karibu data yote inakwenda kwenye seva hiyo, si uamuzi mbaya. Ila yatazame mambo mawili. Kwanza, umeme wa Kariakoo ukikatika na inveta ikaisha chaji, Mwanza na Arusha haziwezi kuongea hata kama kote kuna mwanga. Pili, pakiti ya Mwanza kwenda Arusha inakula laini ya Dar mara mbili, ikiingia na ikitoka. Kamera moja ya HD inaweza kutumia megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde. Mwenye mali akiwa Arusha akafungua kamera 8 za Dodoma kwa pamoja, wahudumu wa Dar wataanza kulalamika kwamba mtandao umekufa, na hakuna atakayehusisha mambo hayo mawili.

Njia ya pili ni kukodi seva kwenye kituo cha data chenye umeme wa uhakika na anwani ya umma ya kudumu, iwe kitovu, na makao makuu yawe tawi kama matawi mengine. Seva ndogo inatosha. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Handaki linaishia kwenye kitovu. Pakiti ya Mwanza inafunguliwa pale, inasomwa anwani yake, kisha inasimbwa upya kwenda Arusha. Kwa nukta hiyo fupi data iko wazi ndani ya mashine ya mtu mwingine. Kama mashine hiyo iko nje ya nchi, umepeleka taarifa za wateja nje, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kama ambavyo Kenya ina yake ya 2019. Basi mifumo yenye taarifa nyeti ijisimbe yenyewe juu ya handaki, kwa HTTPS mfano, ule usimbaji wa tovuti zenye alama ya kufuli, ili hata kitovu kisione kitu.

Kuna sababu nyingine ya kupenda kitovu kilicho nchini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Pakiti ya Mwanza kwenda Dar haina sababu ya kugusa bahari. Ikiwa watoa huduma wa pande zote mbili wanabadilishana data ndani ya nchi, handaki la ndani linaendelea kufanya kazi hata siku kama ile. Kitovu kikiwa Ulaya, umeichukua safari ya ndani ukaipitisha kwenye uzi uleule uliokatika.

Lazima ncha moja ya handaki iwe na anwani ya umma isiyobadilika, na kwa mpango huu ni kitovu. Matawi hayahitaji. Ni vizuri, kwa sababu tawi linalotumia laini ya 4G kwa kawaida halina anwani yake ya umma. Mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kujua ni rahisi: fungua ruta, tazama anwani iliyopewa upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au ni moja ya zile za ndani, uko nyuma ya mtoa huduma na hakuna wa nje anayeweza kukupigia. Starlink, kwa ndugu zetu wa Kenya na Rwanda, hufanya hivyo kwenye vifurushi vyake vya kawaida. Basi tawi ndilo limpigie kitovu, na liendelee kutuma pakiti ndogo ya kujulisha kwamba lipo, kila sekunde 25 kwa kawaida, maana vifaa vya mtoa huduma husahau mazungumzo yaliyo kimya. Usipoiweka hiyo, handaki litafanya kazi tawi likianza kuongea, lakini Dar ikitaka kulifikia tawi asubuhi itakuta mlango umefungwa.

Pakiti inakwenda, hairudi

Handaki limewaka, anwani hazigongani, na bado Mwanza haiioni seva. Mara nyingi sana pakiti imefika salama. Jibu ndilo lililopotea.

Seva ya Dar ikipata pakiti kutoka 10.13.1.25, inajibu kupitia ruta yake ya kawaida. Kama ruta hiyo ndiyo yenye handaki, sawa. Lakini ofisi nyingi zina vifaa viwili: ruta ya mtoa huduma ambayo kompyuta zote zinaitumia, na ruta ya VPN iliyochomekwa pembeni baadaye. Jibu linakwenda kwa ruta ya mtoa huduma, ambayo haijawahi kusikia habari za 10.13, inalituma intaneti, na linaishia huko. Kwa hiyo kila kifaa kinachoamua njia, pande zote mbili na kitovuni, kijue matawi yote yako wapi. Fundi anayeangalia upande mmoja tu atazunguka siku nzima.

Kwenye WireGuard kuna mtego wake. Mstari wa AllowedIPs unafanya kazi mbili kwa pamoja: unasema pakiti za anwani zipi zipelekwe kwa mwenzako huyu, na unasema anwani zipi zikitoka kwake zikubaliwe. Ruta ya Mwanza ikiandikwa 10.10.0.0/16 (yaani zote zinazoanza na 10.10) peke yake, itaongea na Dar, lakini pakiti za Arusha zilizopitia kitovuni zitatupwa kimyakimya, bila ujumbe wa kosa. Ruta ya tawi iandikwe mafungu yote yanayofikiwa kupitia kitovu. Kitovu nacho kiandikwe kwa kila tawi fungu la tawi hilo tu, na fungu moja lisijirudie kwa matawi mawili, maana litahamia kwa aliyeandikwa mwisho na wa kwanza atakatika.

Usiandike 0.0.0.0/0 kwenye tawi kwa kutaka urahisi. Maana yake ni intaneti yote ya tawi ipite kitovuni, pamoja na YouTube ya saa ya chakula. Zipite handakini anwani za kampuni tu. Mengine yatoke moja kwa moja kwenye laini ya tawi.

Ping inaitika, ripoti haifunguki

Hitilafu hii imewafanya watu wabadilishe ruta, watoa huduma, hata mafundi, kwa hiyo naieleza polepole. Ping kwenda seva, yaani pakiti ndogo ya kuuliza kama ipo, inaitika vizuri. Ukurasa wa kuingilia unafunguka. Mhasibu anaingiza nywila, anabonyeza ripoti ya mwezi, na kiduara kinazunguka hadi anakata tamaa. Ripoti ya siku moja inafunguka, ya mwezi haifunguki.

Chanzo ni ile bahasha ya pili. Pakiti kwenye mtandao wa kawaida haizidi baiti 1500. WireGuard inaongeza baiti 60 ikisafiri kwa IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, na 80 kwa IPv6, ule mpya, ndiyo maana kawaida yake huwekwa 1420, yaani 1500 kutoa 80. Laini ya faiba inayoingiza jina na nywila kwa PPPoE inakula baiti 8 nyingine, na ya simu inaweza kula zaidi. Vitu vidogo kama ping na ukurasa wa kuingilia vinapita. Ripoti kubwa inajaza pakiti hadi ukingoni, bahasha inazidi kimo cha njia, inatupwa. Kwa utaratibu, kifaa kilichoitupa hutuma taarifa kwamba pakiti ni kubwa mno, mtumaji apunguze. Lakini faiwoli nyingi (vizuizi vya usalama vya mtandao) zimefungwa taarifa hizo na mtu aliyedhani anaimarisha usalama, na mtumaji anaendelea kurudia pakiti ileile bila kujua.

Pima mwenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows ya Mwanza andika ping -f -l 1392 10.10.1.5. Hiyo 1392 ukijumlisha baiti 28 za vichwa unapata 1420, na -f inakataza kugawanya. Isipoitika, shuka kwa hatua hadi iitike, jumlisha 28, na hapo umepata kimo cha kweli cha njia yako. Kiweke kwenye handaki pande zote mbili, na uiamuru ruta ipunguze ukubwa wa vipande vya TCP, utaratibu unaobeba data nyingi za programu, hadi kimo hicho kutoa 40. Kwa 1420 ni 1380. Mara nyingi ripoti hufunguka dakika ileile.

Hitilafu nyingine inayofanana na uchawi ni ya saa. Ruta nyingi za bei nafuu hazina betri ya kutunzia saa. Umeme ukikatika zinaamka zikidhani ni mwaka wa nyuma. WireGuard hutumia muda ndani ya salamu yake ya kwanza ili mtu asiweze kurekodi salamu ya zamani na kuirudia, kwa hiyo kitovu kinaikataa ruta inayoongea kutoka wakati uliopita. IPsec na OpenVPN zinazotumia vyeti nazo hugoma, zikisema cheti hakijaanza kutumika. Kama umeielekeza ruta ichukue saa kutoka seva ya Dar, ambayo inafikika kwa handaki tu, umefunga fundo: haipati handaki bila saa, haipati saa bila handaki. Ielekeze ichukue saa intaneti moja kwa moja.

Halafu kuna polepole isiyotibika kwa ruta. Mwanga ndani ya faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa hiyo faiba ikifuata barabara, kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 11, na kwa hali halisi ni zaidi ya hapo. Kwa setilaiti za zamani zilizoko kilomita 35,786 juu, inazidi nusu sekunde. Programu nyingi za hesabu za zamani hufungua faili la hifadhidata lililoko kwenye seva na kuuliza maswali madogomadogo. Kama kufungua fomu moja kunahitaji safari 2,000, ndani ya ofisi kwa nusu milisekunde kila moja ni sekunde 1. Kupitia handaki kwa milisekunde 40 ni sekunde 80. Kununua kifurushi kikubwa zaidi hakusaidii, maana tatizo ni umbali wa kila safari, si upana wa bomba. Programu ya namna hiyo ibaki Dar, na wa Mwanza aione skrini yake tu kwa mbali, au ihamie kwenye mfumo wa kivinjari. Ukweli huu ni bora usemwe kabla ya fedha kutumika.

Ukishaunganisha matawi, umeunganisha na maradhi yao. Mei 2017 WannaCry, kirusi cha kompyuta, ilienea kati ya kompyuta za Windows kupitia poti 445, yaani mlango wa mtandao wa kushirikiana mafaili, bila mtu kubonyeza chochote. Handaki lililoachwa wazi lingeibeba kutoka kompyuta ya mapokezi Arusha hadi seva ya Dar, ikiwa imesimbwa vizuri kabisa. Kwa hiyo kitovuni weka faiwoli inayokataa kila kitu kwanza, kisha ruhusu kinachohitajika: kompyuta za matawi kwenda kwenye poti ya mfumo wa mauzo, mwenye mali kwenda kwenye kamera, fundi kwenda kwenye ruta. Wi-Fi ya wageni isiingie handakini kabisa. Ruta zenyewe zisasishwe. Mwaka 2018 kirusi cha VPNFilter kilikutwa kwenye ruta na vifaa vya mtandao visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Na kila tawi liwe na ufunguo wake, ili ruta ikiibwa Morogoro ufute ufunguo mmoja, wengine waendelee na kazi.

Tawi linaloingiza fedha nyingi listahili laini mbili, faiba na 4G, kutoka kwa watoa huduma tofauti, na handaki juu ya kila moja. Kwenye WireGuard hayo yawe mahandaki mawili yenye violesura tofauti (milango tofauti ndani ya ruta), kwa sababu ya ule mwiko wa fungu kujirudia. Kuamua lipi litumike kwa wakati gani waachie OSPF au BGP, taratibu za ruta kuambiana njia, ambazo huona njia imekufa na kuhamia nyingine zenyewe. Ijaribu siku ya kazi, saa ya wateja, kwa kuchomoa waya wa faiba ukiwa na mtu Dar anayeangalia. Hapo ndipo utajua kama bando la 4G lina salio.

Kwa walioko Tanzania, mkumbuke na upande wa sheria. Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kwa shughuli halali kusajili taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, chini ya kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020. VPN ya matawi haifungui tovuti iliyozuiwa, lakini tangazo lilizitaja kampuni waziwazi. Mwulize mwanasheria wa kampuni au TCRA wenyewe utaratibu wa sasa ukoje, na uende na anwani ya umma ya kitovu pamoja na orodha ya matawi mkononi.